Nani Anatembea, Nani Anazurura

Ukitaka kuwaona Waingereza wakitembea kwa kukusudia, nenda London Bridge kabla ya saa mbili asubuhi, siku ya kazi. Treni huwashusha upande wa kusini wa mto Thames, nao huvuka daraja kwa miguu kuingia City, mtaa wa mabenki na kampuni za bima. Hakuna asimamaye kutazama maji. Macho mbele, mkono mmoja umeshika kikombe cha kahawa, mwingine umezama mfukoni. Anayetoka upande wa pili, kama nilivyotoka mimi, hana budi kuambaa ukingoni kama mtu aliyekutana na ng'ombe wa mnada wa Pugu.

Nilikuwa na daftari. Kazi yangu ni kuhariri hadithi, na meza yangu hupokea miswada mingi ya vijana wetu wanaoandika kwa Kiingereza. Katika miswada hiyo kila mtu 'walks'. Mwizi 'walks', bibi harusi 'walks', mgonjwa 'walks'. Mwandishi akihisi kwamba sentensi imepooza, hubandika kielezi nyuma yake: 'walked slowly', 'walked proudly'. Akichoka na vielezi hufungua kamusi ya visawe, akachota neno lolote lenye mlio mzuri, na matokeo yake ni mzee wa miaka themanini ambaye 'sashays' kwenda msikitini, mwendo wa mwanamitindo anayetikisa nyonga jukwaani.

Uingereza nilikwenda kwa shughuli nyingine. Lakini nilijipa kazi ya pembeni: kutazama miguu ya wenye lugha yao na kujua kila kitenzi kinaishi wapi. Nilitarajia kurudi na msamiati. Sikutarajia kwamba msamiati huo ungenipeleka kwenye sheria, mahakama na jela.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wa pale darajani. Mwanamke mrefu, suti nyeusi, raba nyeupe miguuni: 'strode'. Hatua zake ni ndefu, mgongo umenyooka, na njia inampisha. Ubavuni mwake kijana mfupi: 'scurried'. Hatua fupi za harakaharaka, mabega yamekunjamana. Haraka yao ni moja, na huenda wanakwenda ofisi moja. Lakini msomaji wa Kiingereza akikutana na 'strode' atamwona bosi, na akikutana na 'scurried' atamwona karani aliyechelewa, kwa sababu neno hilo hutumika sana kwa panya. Urefu wa miguu tu ndio uliowatofautisha; kitenzi kimewagawia vyeo.

Nje ya hospitali ya St Thomas', inayotazamana na Bunge ng'ambo ya mto, nilijaza ukurasa mwingine. Hapo lugha ina adabu ya tabibu. Anayeumwa mguu mmoja 'limps', kwetu anachechemea. Mwenye maumivu yanayomlazimisha kupiga hatua fupi zilizokatika 'hobbles', kwetu anajikongoja. Ambaye nyayo zake haziachi ardhi 'shuffles', anaburuta miguu. Huwezi kubadilishana maneno haya kwa kuwa umechoka kurudia moja. Ukimfanya mtu 'limp' ukurasa wa kumi na 'shuffle' ukurasa wa kumi na moja, umemhamishia ugonjwa kutoka gotini hadi kwenye uzee. Hapo kosa si la mtindo tena, bali la taarifa.

Hyde Park ilinifundisha jambo lingine. Asubuhi askari wapanda farasi wa mfalme hutoka kambi yao ya Knightsbridge, wakapita kando ya bustani hiyo kuelekea zamu Horse Guards. Ukiwatazama utagundua ni vitenzi vingapi vya watu vilivyoazimwa kwa farasi. 'Amble' ulikuwa mwendo wa farasi anyanyuaye miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, mwendo laini usiomchosha mpandaji. 'Trot' ni matiti. 'Canter' ni mkato wa jina la Canterbury, mji ambao mahujaji wa Kiingereza waliuendea kuzuru kaburi la Thomas Becket, farasi wao wakienda kwa kasi ya wastani, si ya mbio wala ya kuchosha. Leo mzee anayetembeza mbwa bustanini 'ambles', na hakuna anayemfikiria farasi. Lakini farasi bado yumo ndani ya neno: starehe, tumbo lililoshiba, kutokuwa na miadi. Mtu mwenye njaa hawezi ku-'amble'. Wasomaji wa pwani wataelewa upesi, maana na sisi mtu hutoka shoti, na hatujauliza farasi yuko wapi.

Kisha kuna 'march'. Mchana watalii hujazana The Mall, barabara inayoelekea ikulu ya Buckingham, kutazama walinzi wa kofia za manyoya wakibadilishana zamu. Katika jeshi la Uingereza mwendo wa haraka wa kawaida ni hatua 120 kwa dakika, na vikosi vyepesi huenda hatua 140. Neno hilo lina uzito unaopimika. Mwaka 1831, karibu na Manchester, zaidi ya askari 70 walivuka daraja la kuning'inia la Broughton kwa hatua moja, daraja likaanza kucheza nao, wakalifurahia, wakazidi kukanyaga, likaanguka. Hakuna aliyekufa, ila wengi waliumia. Tangu hapo askari wakifika darajani huamriwa kuvunja hatua. Albert Bridge ya London, iliyofunguliwa mwaka 1873, bado ina tangazo linalowaagiza hivyo, nami nilivuka chini ya tangazo hilo nikiangalia watu waliokuwa wakitembea kila mmoja kwa mwendo wake.

Raia wasioamriwa na mtu yeyote nao wamewahi kulitikisa daraja. Tarehe 10 Juni 2000 London ilifungua Millennium Bridge, daraja jembamba la waenda kwa miguu lenye urefu wa mita 325 hivi, kutoka kanisa kuu la St Paul's hadi jumba la sanaa la Tate Modern. Maelfu ya watu walijitokeza siku ile. Daraja likaanza kuyumba kushoto na kulia. Kila mtu, ili asianguke, alitanua miguu kidogo na kukanyaga kwa kufuata mtikiso, na kwa kufanya hivyo alizidisha mtikiso uleule. Walikuwa wageni wao kwa wao, wamepatana hatua bila kujua. Lilifungwa baada ya siku mbili, likawekewa makumi ya vifaa vya kumeza mtikiso, na kufunguliwa tena mwaka 2002. Nilipovuka lilitulia kama barabara. Kiingereza chenye vitenzi vingi vya kutembea hakina kitenzi cha walichofanya watu wale. Ndiyo maana wahandisi walipolieleza jambo hilo waliandika aya nzima, na mwandishi naye asione haya kufanya hivyo. Kitenzi kisipokuwepo, eleza miguu ilifanya nini.

Usiku niliotembea Strand hadi ukingo wa Thames ndio uliogeuza kazi yangu ya pembeni. Katika vizingiti vya maduka yaliyofungwa watu walikuwa wamelala juu ya maboksi. Mmoja alikuwa akienda na kurudi, blanketi mabegani. Nilifungua daftari nikaandika 'wandered', kisha nikasita.

'Wander' ni neno lenye heshima kubwa katika fasihi ya Kiingereza. Shairi la William Wordsworth la maua ya dafodili, lililochapishwa mwaka 1807 na ambalo wengi wetu tulilikariri shuleni, linaanza kwa mshairi akifanya hivyo hasa, peke yake, vilimani. Mwendo usio na mwisho uliopangwa ukawa dalili ya roho pana. Miaka 17 baadaye, mwaka 1824, Bunge lilipitisha Sheria ya Uzururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha, na barabara zilijaa askari walioachishwa na vibarua waliotafuta kazi. Katika sheria hiyo neno 'wandering' limo, lakini hapo lilikuwa kosa: mtu anayetangatanga na kulala ghalani, kwenye jengo lililoachwa au mahali pa wazi, akashindwa kujieleza, aliweza kufungwa na kutumikishwa. Neno moja, nchi moja, kizazi kimoja. Mshairi alikuwa na nyumba ya kurudi, na tofauti yote ilitokana na hilo.

Vitenzi vingine vina rekodi kama hiyo. 'Stroll', ambayo leo ni matembezi ya jioni ya mke na mume, zamani iliandamana na wahuni na wachezaji wa maigizo waliohama mji kwa mji, kundi ambalo sheria za Uingereza zililiweka pamoja na wazururaji. 'Tramp' ilianza kama kukanyaga kwa kishindo, ikawa kutembea mwendo mrefu, kisha ikawa jina la mtu asiye na makazi. Miguu ya maskini huanza kama kitenzi ikamalizikia kuwa nomino.

Mtanzania hahitaji kuelezewa sana. Sheria hiyo ya Kiingereza ilisafiri na bendera yake. Kanuni zetu za adhabu za Afrika Mashariki zilirithi makosa ya watu wavivu na wazururaji karibu kama yalivyoandikwa kwao, na ya kwetu ina vifungu vya 176 na 177 juu ya jambo hilo. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na katika misako ya Dar es Salaam vijana walikamatwa na kurudishwa vijijini kwa kukosa kitambulisho cha kazi. Jioni hiyohiyo, kwenye njia hiyohiyo ya Kivukoni, mgeni mwenye kamera anapunga upepo, na kijana aliyetoka kutafuta kibarua anazurura. Ukiwapima kwa saa na kwa hatua hutawatofautisha.

Kwa hiyo nikapanda treni kwenda kaskazini, kuona mahali ambapo wenye miguu waliwahi kugombea kitenzi chao na kushinda.

Kutoka Manchester hadi kijiji cha Edale, katika milima ya Peak District, ni chini ya saa moja. Treni ya asubuhi ya mwisho wa wiki ilijaa buti, fimbo za kutembelea na makoti ya mvua. Edale ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 430 hivi inayokwenda kaskazini hadi Kirk Yetholm, Scotland. Mimi nilitaka kipande chake cha mwanzo tu, kupanda Kinder Scout, mlima wa mita 636. Kwa mtu wa nchi ya Kilimanjaro idadi hiyo inachekesha, mpaka mvua ya ubavu ianze.

Kijijini wote tulikuwa tuki-'stroll'. Baada ya mashamba ya kondoo, njia iliponyooka, wengine waka-'stride' na kuchanja mbuga. Tulipofika Jacob's Ladder, ngazi za mawe zinazopanda bila huruma, vitenzi vyote vya majivuno vilibaki chini. Niliandika 'plod' na 'trudge', nikawa najiuliza ni kipi changu. Bibi mmoja wa zaidi ya miaka sabini, fimbo mkono huu na mkono huu, alinikuta nimekaa juu ya jiwe na daftari, akauliza naandika nini. Nilipomwambia alicheka.

"Andika 'plod', mwanangu," alisema. "'Trudge' ni ya waliolazimishwa. Hapa hakuna aliyekulazimisha."

Akaendelea kupanda, pole pole, hatua sawa na hatua, wala sikumpata tena. Alikuwa amenipa tofauti iliyo wazi kuliko kamusi yoyote. Miguu ni mizito katika maneno yote mawili. Katika 'plod' moyo umekubali. Katika 'trudge' moyo unavutwa na kamba.

Juu kabisa ardhi ni mboji nyeusi iliyoloa, inayomeza buti na kulitema kwa mlio ambao Kiingereza huuita 'squelch', neno linalosikika kama jambo lenyewe. Sehemu za Pennine Way zimetandazwa mabamba ya mawe ili njia isizame, na mengi ya mabamba hayo yalikuwa sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Nilipojua hivyo sikuweza kuyakanyaga kwa wepesi, kwa sababu historia ya mlima huu ni ya wafanyakazi wa viwanda vile.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Manchester na Sheffield walifanya kazi wiki nzima kwenye moshi, na Jumapili walitaka hewa. Milima ilikuwa karibu, ikionekana, lakini imefungwa. Kinder ilikuwa mali ya makabaila, na walinzi wao walifukuza watu ili wasiwashtue ndege wa jamii ya kwale waliotunzwa porini kwa ajili ya kuwindwa siku chache za mwaka. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana walikusanyika upande wa pili wa mlima, kijiji cha Hayfield. Benny Rothman, fundi wa miaka 20 aliyefika kwa baiskeli, aliwahutubia kwenye machimbo ya mawe ya Bowden Bridge. Kisha wakapanda. Walinzi waliwazuia, wakasukumana, mlinzi mmoja akaumia, nao wakafika walikotaka. Waliporudi polisi waliwakamata baadhi yao. Julai, mahakama ya Derby iliwafunga vijana watano kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipata minne.

Sasa tazama vitenzi. Wao walisema wana-'ramble', neno la kutembea mashambani kwa furaha bila kushika njia kali. Mwenye ardhi alisema wana-'trespass', wanaingia mahali pasipo pao. Mwendesha mashtaka alijua kwamba ku-'trespass' peke yake halikuwa kosa la jinai, lilikuwa dai la madai tu, hivyo akatafuta maneno makali zaidi, ya ghasia na kujeruhi. Hatua zilikuwa zilezile, kwenye nyasi zilezile. Aliyeshinda siku ile mahakamani ni aliyemiliki kitenzi. Vijana nao walikuwa wajanja: waliliokota neno la mwenye ardhi wakalivaa kama nishani, na hadi leo tukio hilo linaitwa 'mass trespass' kwa fahari.

Yaliyofuata yalichukua muda. Mwaka 1935 vyama vya watembeaji viliungana kuwa chama cha kitaifa kilichojiita kwa jina la 'ramble'. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza. Pennine Way ilifunguliwa mwaka 1965. Mwaka 2000 ikaja sheria inayoruhusu watu kutembea kwa miguu katika milima na nyika zilizoainishwa, hata ziwe na mwenyewe, na wananchi wakaiita haki ya ku-'roam'. Kwetu ni kurandaranda, neno ambalo mzazi hulitumia kumgombeza mtoto. Kwao limekuwa haki. Mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70, Duke wa Devonshire wa wakati huo alisimama Bowden Bridge akaomba radhi hadharani kwa yaliyotendwa na babu yake, mmoja wa makabaila wale.

Nilikaa karibu na Kinder Downfall, maporomoko ambayo upepo ukivuma kwa nguvu huyarudisha maji juu, nikapitia daftari. Orodha ilikuwa ndefu, na nusu yake niliona haina kazi. Vijana wanaoniletea miswada hawana upungufu wa vitenzi, intaneti imewajaza. Wanachokosa ni kutazama kabla ya kuchagua.

Kwa hiyo nimewaandikia ushauri, nanyi wasomaji mnaoandika, kwa lugha yoyote, mnaweza kuuchukua. Kwanza angalia mwili: urefu wa hatua, uzito unaobebwa, nyayo zinaachaje ardhi, mtu anajua aendako au hajui. Mlevi anayeyumba kila upande 'staggers'. Anayepepesuka ghafla upande mmoja 'lurches'. Anayeingia kwa kukanyaga ncha za vidole 'tiptoes'. Anayenyata huku amejikunja 'creeps'. Anayesogea kiubavuubavu kama asiyetaka kuonekana 'sidles'. Ukishaona vizuri, neno moja litabaki na mengine yataondoka yenyewe.

Pili, usiliogope neno 'walk'. Watu wengi, wakati mwingi, wanatembea tu. Ukurasa ambao kila mtu anafanya vituko kwa miguu humchosha msomaji kuliko ukurasa uliotulia. Kitenzi chenye rangi kiweke pale ambapo mwendo wenyewe una habari ya kutoa.

Tatu, na hili ndilo lililonipandisha mlimani: jiulize ni nani anayetazama. 'Strut', 'swagger', 'loiter', 'prowl' hayaelezi miguu peke yake. Yameshamshtaki mwenye miguu. Kiswahili nacho kina kesi zake: anaringa, anatamba, anazurura, anatangatanga. Maneno haya yana kazi katika hadithi, hasa ukitaka msomaji amjue anayesema kuliko anayesemwa. Ila usiyatumie kwa mazoea, kwa kuwa gazeti, polisi au tajiri ameyazoea.

Kabla hujaandika jinsi mtu anavyotembea, amua kama unamwona kwa jicho lako au kwa jicho la mlinzi wa shamba. Kamusi itakusubiri.